Tarihi ya Anaclet Kapya na Volti Mia na Sabini

Kusanyikeni, enyi wenye masikio! Wewe unayesonga bukari, ugali wetu, punguza moto. Wewe unayegombana na simu, iweke chini. Nawe uliyekuja kuomba chumvi, keti kwanza, chumvi haikimbii. Nitasimulia jambo ambalo wafalme hawakulitenda, majemadari hawakulithubutu, na serikali zote zilizopita hapa Katanga, za bendera hii na za bendera ile, hazikuliota hata usingizini: jinsi Anaclet Kapya, Msomaji Asiyesinzia, Mkaguzi wa Viraka, Mume wa Précieuse, alivyoshindana na tarakimu tatu akazibwaga mbele ya mashahidi. Ewe Kumbukumbu, unayewatembelea wengine na kunipita mimi, leo ingia ukae. Mimi ni Floribert, jirani wa mlango wa tatu, na yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa yale niliyoyasikia kupitia ukutani.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, mwaka mbaya. Mashariki vita vilikuwa vimeivuruga nchi; miji ilibadilisha wenyewe kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, benki zikafungwa, barabara zikakatika, na watu wa Kivu Kaskazini wakateremka hadi kwetu Lubumbashi kwa lori, kwa meli ya ziwani, kwa ndege, wengine kwa vyote vitatu. Miongoni mwao alikuwa Mama Kahambu, Mtawala wa Maghala, Malkia wa Maharagwe ya Jumla, ambaye kule kwao Kirumba hakuna lori lililopita bila dereva wake kushuka na kumsalimu. Alifika na nguo alizovaa, pamoja na tanuri la umeme la kuokea mikate alilolipata njiani, msiniulize vipi. Akafikia kwa binti yake Précieuse, yaani kwa Anaclet, mkwe wake.

Hapa lazima niwaeleze wageni jambo moja. Kwa watu wa kina Anaclet, mwanamume na mama wa mkewe hawazungumzi ana kwa ana wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na ni heshima nzuri sana kwa watu wenye sebule mbili. Hawa walikuwa nayo moja. Kwa hiyo Anaclet alikaa kwenye kona yake akitazama ukuta, na Mama Kahambu, ambaye kwao mambo haya ni mepesi zaidi lakini aliyeishika desturi kwa ukali kuliko wenyewe, alikaa kwenye kona yake akitazama mlango. Précieuse alisimama katikati, akiyapokea maneno huku na kuyafikisha kule, hata kama kule walikwisha kuyasikia yote.

Sasa sikieni chanzo cha vita. Mama Kahambu hakuwa na karatasi hata moja. Kadi, leseni ya biashara, hati ya nyumba, vyote viliteketea pamoja na ghala, na kwa ofisi zote za mji huu hakuwa Kahambu wala Malkia, alikuwa mwanamke mmoja tu mwenye tanuri. Ilihitajika barua ndefu ya kueleza upotevu huo, kurasa tatu, na kwa bahati Précieuse kazi yake ni hiyo hiyo: anaandikia watu barua na maombi kwa komputa, pale pale sebuleni. Komputa yenyewe ilisimama juu ya onduleur mpya, lile sanduku la betri linaloizuia isife umeme unapokatika. Mara tatu Précieuse aliianza barua ya mama yake. Mara tatu, akiwa ukurasa wa pili, komputa ilizimika puu, na barua ikaenda zake kabla ya kuhifadhiwa. Kwa nini hakuihifadhi mapema? Swali hilo Anaclet aliliuliza mara moja tu, na halikumletea heri.

"Précieuse," alisema Mama Kahambu akiutazama mlango, "uambie mukwe wangu hivi. Mie nilikimbia bunduki, sikukimbia machine. Na bunduki yenyewe, mara mingine, inakuachaka umalize sentensi."

"Anaclet, mama anasema..."

"Nimesikia," Anaclet aliuambia ukuta. "Muambie mama, kosa haiko ya machine. Kosa iko mu mustari wa mia mbili na sita."

Ndugu zangu, huo ndio mstari! Kila komputa ina roho yake, nayo huitwa Kiini. Na kwa kuwa Kiini hakijui lugha ya kila sanduku na kila chuma, kila chuma hupewa mkalimani wa kusimama katikati, kama Précieuse pale sebuleni, na mkalimani huyo huitwa kiendeshi. Mafundi wa dunia nzima huandika viendeshi hivyo, na kabla havijaingia ndani ya Kiini, wengine huvikagua mstari kwa mstari, wakitafuta kosa kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Anaclet ni mmoja wa hao. Halipwi kitu. Mama Kahambu alipoambiwa hivyo aliomba aambiwe tena, kisha akaomba aambiwe tena.

Fundi mmoja wa nchi ya baridi alikuwa ameandika kiendeshi cha onduleur ile, mistari mia nne na kumi, na Anaclet alikuwa amekiweka katika komputa ya mkewe ili akijaribu. Kilikuwa kizuri, safi, chenye adabu, hadi mstari wa mia mbili na sita. Hapo ndipo fundi yule alipoandika: umeme wa ukutani ukishuka chini ya volti mia na sabini, jua kwamba kipimo kimerukwa na akili, uzime kila kitu. Chini ya mia na sabini! Kwetu sisi mia na sabini ilikuwa sikukuu! Saa ya bukari, akina mama wanapowasha réchaud zao, majiko madogo ya umeme, avenue yetu iliteremka hadi mia na arobaini, mia na thelathini, mia na kumi na nane, taa ikabaki uzi mwekundu ndani ya chupa, na maisha yakaendelea. Sisi tuliendelea. Ni komputa tu iliyokata tamaa.

Mkaguzi hajaribu kiendeshi alichojigeuzia nyumbani, hujaribu kile kile kitakachoingia duniani; basi akaandika Anaclet kwa Aksel, Mlinzi wa Lango, yule mwenye mamlaka ya kuingiza viraka, yaani viendeshi vipya na masahihisho yake, katika Kiini, akamwomba mia na sabini igeuzwe tisini. Jibu likaja, fupi na baridi: "Volti 118 katika nyumba ya watu haiwezekani. Kipimo chako kimeharibika. Kiraka kitaingia Jumapili saa kumi alasiri kwa saa yenu, kisha lango litafungwa wiki tisa. Ukileta kumbukumbu ya vipimo viwili tofauti, chini ya 170 kwa dakika kumi mfululizo, nitaitazama." Si mtu mbaya, Aksel. Hajawahi kukaa kwenye avenue yetu, basi.

Wiki tisa! Mama Kahambu akae wiki tisa bila jina! Lakini Anaclet alicheka, tena kwa sauti, nilimsikia. Kuambiwa ulete umeme hafifu, Lubumbashi, ni kuambiwa ulete vumbi. Kipimo kimoja kilikuwa ndani ya onduleur yenyewe, chenye kuandika kumbukumbu hata komputa ikizimika; cha pili akaazima cha mkononi cha Djuma, Mwana wa Maniema, Bwana wa Cheche, ambaye huunga vyuma kwa umeme nyumba ya pili. Akapanga kupima Jumapili mchana, jikoni pote kukiwa moto, ili ushahidi uwe mnono. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu Jumamosi mafundi wa umeme walikuja.

Miezi sita tulikuwa tumeililia cabine mpya, lile sanduku la transfoma la pembeni ya avenue. Miezi sita tuliandika, tulitia sahihi, tulituma wajumbe. Na Jumamosi hiyo, bila onyo, wakaileta, wakaifunga, wakaondoka! Jumapili tuliamka na volti mia mbili ishirini na sita. Friji zilinguruma, feni ziliruka, taa zikatuchoma macho, watu wakacheza barabarani wakiwa na nguo za kanisani. Anaclet peke yake alisimama dirishani, kipimo huku na kipimo kule, na machozi yalimtoka. Alikuwa mtu pekee katika mji mzima aliyelilia umeme mzuri.

"Précieuse," alisema kwa ukuta, "muambie mama anisamehe. Courant iko muzuri. Tumekwisha kufa."

Mama Kahambu akauuliza mlango, "Précieuse, muulize: ile four yangu ya mikate, nikiiwasha, courant inashukaka ngapi?"

"Nane," ukuta ukajibu. "Pengine kumi."

"Na réchaud?"

"Tano. Waya yetu iko ile ile ya zamani, nyembamba."

"Basi," alisema Mama Kahambu akiinuka, na nakuapieni sebule ilipungua, "muambie akae na bipimo byake. Mie naenda kutafuta bantu."

Akatoka. Akasimama katikati ya avenue saa nane mchana, mwiko mkononi, akaita nyumba kwa nyumba kama alivyokuwa akiwaita wapakuzi wake huko Kirumba. Alipomaliza kueleza kwamba anataka wote wawashe majiko kwa pamoja, umeme ushuke chini ya mia na sabini, wa kwanza kujibu alikuwa Mama Adolphine wa nyumba ya tano, Mwenye Friji Kubwa, adui wa tanuri lile tangu siku lilipofika.

"Weye, Mama Kahambu!" Adolphine akafungua hotuba, mikono kiunoni. "Miezi sita tulilia juu ya cabine. Samaki yangu ya Kasenga ilioza mara mbili, nikaitupa nikifunga pua. Kila siku ile four yako inakulaka courant ya bantu bote. Jana njo baliletea sie cabine mupya, na leo, siku ya Mungu, unatuomba tuipige mu kichwa? Quand même! Jamais!"

Umati ukanguruma kumuunga mkono. Mimi mwenyewe niliguna, sina budi kukiri.

"Adolphine, mama, unasema kweli," akajibu Mama Kahambu, na hakupandisha sauti. "Four yangu iko na makosa, sikatae. Lakini sikia hii moja tu. Kule mbali iko muntu mukubwa wa komputa. Yeye anasema ile courant tuliikala nayo miezi sita haikukuwako. Anasema haiwezekane. Donc ile giza yako, uliiota. Ile samaki yako, haikuoza."

Adolphine alifumba jicho moja.

"Nani anasema samaki yangu haikuoza?"

"Ule. Aliandika. Mukwe wangu iko nayo mu machine."

"Haikuoza!" Adolphine akageukia umati. "Bamama, mumesikia? Nilitupa bure! Nilikuwa naota!" Akavua viatu vya kanisani. "Gojeni nilete réchaud yangu. Nalete zote mbili."

Ndivyo jeshi lilivyokusanywa. Masharti yalikuwa mawili: dakika kumi na si kumi na moja, ili cabine isiungue, na kila mtu apike kitu cha kuliwa, maana kuwasha moto bure ni dhambi. Saa tisa kasorobo watu wote walikuwa mlangoni mwao na waya zao za kurefusha. Mama Kahambu aliinua mwiko.

"Réchaud za kwanza!"

"Mia mbili na kumi!" Anaclet alipaza sauti kutoka dirishani.

"Mama, anasema mia mbili na kumi!" Précieuse akapaza kutoka mlangoni.

"Nimesikia! Muambie nimesikia!"

"Anasema amesikia!"

Zikawashwa za pili, na za tatu. Mia moja tisini na tisa. Pasi nne zikaingia vitani, na mashine ya kukaushia nywele ya binti wa nyumba ya tisa, na birika langu, ambalo naomba lisisahauliwe, kwa kuwa liliangusha volti tatu peke yake. Mia na themanini. Kisha Mama Kahambu akawasha tanuri kwa mkono wake, hadi mwisho, na taa za avenue nzima zikakonyeza. Mia na sabini na mbili! Mbili tu juu ya ile laana! Ndipo macho yote yakamgeukia Djuma.

Djuma alikuwa ameketi mbele ya karakana yake, miwani ya giza usoni, lango la chuma la mteja wa Kasomeno miguuni pake. Hakutoa hotuba ndefu. "Bismillah," alisema, akagusisha chuma kwa chuma.

Cheche zikaruka! Taa zikawa nyekundu, friji zikakohoa, redio ikalia kwa sauti ya mtu aliyebanwa mlangoni. "Mia na ishirini na nne!" alilia Anaclet. "Précieuse, muambie mama! Mia na ishirini na nne! Tunahesabu!"

Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, safu ilisimama imara. Ya tano, pasi moja iliunguza suruali ya mtu, na mwenye suruali akavumilia. Ya saba, Mama Adolphine akapiga ukelele.

"Bukari yangu imeiva! Inakauka! Nazima!"

"Usizime! Ongeza maji!" mtu akajibu kutoka umatini.

"Bukari imeshaiva unaongeza maji? Weye ulizaliwa wapi?"

"Adolphine," alisema Mama Kahambu, "samaki yako."

Adolphine akashika mwiko kwa mikono miwili, akaendelea kusonga jiwe, jasho likimtiririka, wala hakuzima. Jina lake litukuzwe. Lakini dakika ya tisa adui alitokea tulipokuwa hatumtazamii: lango la mteja wa Kasomeno liliisha. Djuma akainua mkono, cheche zikakoma, volti zikaanza kupanda. Mia na hamsini. Mia na sitini na tatu. Mia na sitini na nane.

"Papa Djuma!" Anaclet alilia. "Endelea!"

"Sina tena ya kuunga, mwanangu! Imekwisha!"

"Unga kintu yoyote!"

Mia na sitini na tisa. Djuma akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyakua majembe mawili yaliyokuwa yameegemea ukuta, akayaunganisha uso kwa uso, likatoka jembe lenye mipini miwili ambalo hadi leo hakuna anayejua la kulifanyia. Volti zikaporomoka kwa kishindo. Anaclet akahesabu sekunde kwa sauti, avenue nzima ikahesabu naye, na tulipofika sitini ya mwisho Mama Kahambu alishusha mwiko wake. Kila kitu kikazimwa. Cabine iliguna mara moja, ikatulia, ikasimama. Tulikumbatiana. Adolphine alimkumbatia Mama Kahambu, kisha akakumbuka, akamwachia, kisha akamkumbatia tena.

Saa tisa na dakika ishirini kumbukumbu iliondoka Lubumbashi pamoja na picha za kipimo cha Djuma. Tuliingia sote katika sebule ile moja, wengine tukabaki dirishani, tukala bukari ngumu ya Adolphine na mikate ya moto. Mama Kahambu aliutazama mlango kana kwamba jibu litaingia kwa miguu.

Saa kumi kasoro dakika sita, jibu lilifika. Anaclet alilisoma kwa sauti: "Nimeitazama mara tatu. Sikujua kwamba watu wanaishi hivyo. Nilikosea, naomba radhi. Mstari wa 206 sasa unasema 90. Desturi yetu ni kuandika katika kitabu cha Kiini jina la aliyekagua na majina ya waliojaribu. Wako wewe ninalo. Waliojaribu ni nani?"

Enyi mliopo na mtakaozaliwa, andikeni! Mia na sabini imeanguka! Tarakimu tatu zimekuwa mbili! Onduleur zote za namna ile, popote zilipo duniani, hazitarukwa na akili tena kwa sababu ya bukari ya mtu!

Anaclet akaanza kuandika majina. Adolphine. Djuma. Floribert, ndiyo, na mimi. Kisha akasimamisha vidole. "Précieuse, muulize mama niandike jina yake namna gani."

"Muntu bila karatasi," Mama Kahambu aliuuliza mlango, "bataweza kumuandika?"

"Muambie Kiini hakiombake karatasi," ukuta ukasema. "Kinaomba jina tu."

"Kahambu Mbusa," alisema polepole. "Wa Kirumba. Muambie asisahau Kirumba. Na muulize, itakaa mule siku ngapi?"

"Haitoke. Kila fundi wa dunia iko na nakala ya ile kitabu. Ukichoma moja, ziko elfu."

"Na kwetu? Kirumba, iko muntu anaweza kuiona?"

"Mwenye komputa yoyote, akitafuta, ataiona."

"Hata sasa? Na barabara imefungwa?"

"Haipite ku barabara, mama," alisema Anaclet, na kwa mara ya kwanza alisahau kupitia kwa mkewe.

Mama Kahambu aliitikia kwa kichwa, mara mbili. Kisha akasema, si kwa mlango wala kwa mtu yeyote: "Basi jina yangu imefika kwetu mbele ya mie kufika."

Zamu ya Précieuse ilikuwa kuyachukua maneno hayo na kuyafikisha kwenye kona ya mumewe. Hakuyafikisha, kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu sote tulikuwa tumeyasikia. Alijifuta uso, akangoja mumewe aiingize ile tisini katika komputa, akavuta kiti mbele yake, akaanza ile barua kwa mara ya nne. Nje, akina mama waliwasha réchaud tena, safari hii kwa njaa ya kweli ya jioni, na Djuma akarudi kwenye kazi yake. Kipimo kilisoma mia na thelathini na moja, na Précieuse akaingia ukurasa wa tatu.